Maji Baridi

Siku ya kwanza Mghoi kufika kisimani Mtongwe
alimuuliza Mejumaa: maji yenu yakoje siku hizi?
Mejumaa akajibu: si baridi tena.
Mghoi akatumbukiza kipimajoto.
Ishirini na nane, akasema, akaandika.
Tulicheka, mimi na wenzangu wa mikokoteni,
hata dumu likaniangukia mguuni.

Maana huku maji baridi ni yale yasiyo na munyu,
hata yakiwa yanachemka jikoni.
Yeye katoka Wundanyi, ambako baridi ni baridi,
ana shahada mbili, na kofia ya ukili aliyouziwa Feri
kwa bei ya mgeni.
Hakununa. Alilikata neno lake kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika letu,
akauliza: basi yaliacha lini kuwa baridi?

Hapo ndipo Mejumaa alipovuta kibao akakaa.

Mama huyu hana daftari.
Ana ulimi, ana sufuria, na ana ubeti
alioutunga akifua kanzu za mumewe, Mungu amrehemu:

*Sikiza nikupe neno, kisima kina tabia,*
*Bamvua likiwa nono, munyu huja kuingia,*
*Siku mbili, si maneno, maharagwe hukawia,*
*Sabuni hugoma mno, povu likakukimbia.*

Mghoi akamwomba arudie. Akarudia.
Mara ya tatu alihesabu kwa vidole:
siku mbili. Baada ya bamvua, siku mbili.
Wiki ile ile akateremsha waya wenye jicho la chuma,
likalala chini kule likionja munyu kila robo saa,
nami nikalipwa kidogo niulinde
na watoto wa madrasa na mawe yao.

Mwezi ukaandama, ukajaa, ukapungua.
Mghoi akarudi na karatasi ya milima na mabonde,
akaitandaza juu ya mfuniko, pembe zake
akazikandamiza kwa ndala zetu.
Mejumaa aliiangalia kitambo,
akaweka kidole: hapa nilimwaga maharagwe.
Kilikuwa kilele.
Akaweka tena: hapa nguo za Mwanasiti.
Kilele.

Ila palikuwa na vilele vingine,
vifupi, vyembamba, katikati ya maji mafu,
ambavyo ubeti hauvijui.
Mejumaa akanyamaza
kama mtu aliyeambiwa mwanawe kaonekana usiku
mahali asipopajua.
Hivi si vya bahari, akasema mwishowe.
Mghoi naye akakiri: mimi sijui ni vya nini.
Alisoma siku tu: Ijumaa. Jumamosi. Ijumaa. Jumamosi.

Nikasema mimi, nikiwa nimeshika gurudumu:
hizo ni siku za maboza.
Hujazwa kule juu, kwenye kisima cha mashine kando ya lami.
Hupishana nayo nikirudi, hunirushia tope.

Wote wawili wakageuka.
Miaka kumi na moja nasukuma maji mtaani humu
na hakuna aliyewahi kuniandika jina langu
kwenye karatasi.
Tahajia? akauliza Mghoi.
Nikamtajia herufi moja moja: N-g-a-o.

Usiku ule alitunga mstari, akauleta asubuhi
ameukunja mfukoni kama mtoto na alama zake:

*Mashine ya kule juu, inavuta maji kwa kasi.*

Mejumaa alifumba macho, midomo ikihesabu.
Umezidisha mizani moja, mwanangu.
Sema *yavuta*. Toa moja, ndipo ubeti upumue.
Kisha akafungua macho akatazama lami:
na huyo mwenye mashine, mwende mkamwambie vivyo hivyo.

Barua iko kaunti tangu Shaabani.
Haijajibiwa. Boza lilipita juzi, Ijumaa, kama kawaida.
Bamvua lilikuwa jana;
kesho siteki hapa, nitakwenda hadi Shika Adabu,
na kwa wateja watakaobisha
nimeandika kwa chaki ubavuni mwa mkokoteni,
herufi kubwa, ili hata mgeni aelewe:
LEO SI BARIDI.
Chini yake Mghoi kaongeza namba.